Mnara u Karibu, Netiweki Iko Mbali

Mvuvi wa Ziwa Victoria anaweza kuwa kilomita 20 kutoka ufuoni na bado akapatana bei ya sangara na mnunuzi kwa simu. Mkulima wa viazi aliye bondeni Ainabkoi, kwenye nyanda za juu za Kenya, kilomita tatu tu kutoka mnarani, huenda akalazimika kupanda mlima ndipo ujumbe wa M-Pesa uingie. Tofauti iko kwenye ardhi yenyewe.

Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari mnyoofu. Kwenye maji wazi ya ziwa hakuna kilima wala msitu. Kinachoyakatiza ni mviringo wa dunia. Mnara wa mita 50 hufikisha mawimbi hadi upeo wa kilomita 29 hivi, na simu iliyoshikwa mkononi ndani ya mashua huongeza kama tano. Baada ya hapo, maji yenyewe huyaziba. Mitambo ya 2G nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, huishia kilomita 35.

Ainabkoi iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, lakini mwinuko huo haumsaidii aliye nyuma ya kilima. Mawimbi humpita juu kwa juu. Miti nayo, hasa majani yakilowa mvua, huyafyonza. Masafa ya chini, kama megahezi 900, hustahimili vizuizi hivyo kuliko ya 2100.

Kuna jambo jingine: mnara una nguvu kuliko simu. Unaweza kuona alama ya netiweki na bado simu isitoke, kwa kuwa mawimbi ya simu yako hayafiki mnarani. Kwenye megahezi 900, simu ya 2G hutuma kwa hadi wati 2. Ya 4G kwa kawaida ni wati 0.2. Kwa hiyo panapokuwa na shida, badili simu iwe 2G, kisha tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga.

Kwa nini basi minara isiongezwe? Bonde lenye nyumba chache halirudishi gharama haraka. Julai 2020, kampuni za Loon na Telkom Kenya zilijaribu njia ya angani: maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 juu yakatoa intaneti ya 4G katika maeneo yaliyojumuisha Eldoret na Iten. Teknolojia ilifanya kazi, biashara ikakataa. Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga.

Kilichobaki ni Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni zenye leseni, kwa ajili ya maeneo kama haya. Lakini ramani za netiweki zinazoonyesha maeneo hayo mara nyingi huchorwa kwa hesabu za kompyuta, na mabonde madogo husahaulika. Wanakijiji, andikeni mahali hasa simu isiposhika, kisha wapelekeeni chifu na mwakilishi wa wadi. Bonde lisiloripotiwa huhesabiwa kuwa limeshahudumiwa.