Asidi haiponyi uso: kinachoponya ni jeraha lililopimwa

Mkazi wa Kitale au Bungoma ambaye chunusi zimemwachia madoa meusi, au ambaye krimu za kujichubua zimemwachia uso wenye mabaka, hahitaji tena kupanda basi la Nairobi ili apate asidi ya kuambua ngozi. Anaagiza kwa simu, analipa kwa M-Pesa, na baada ya siku chache anaitwa akachukue parseli yake. Urahisi huo una mtego. Tiba hii ni ya kweli na imesaidia wengi, lakini kinachouzwa ndani ya chupa ni sehemu yake ndogo kuliko zote. Asidi hairekebishi ngozi. Huijeruhi, kisha ngozi hujirekebisha yenyewe; na jeraha likizidi kipimo, ngozi nyeusi hulipa kwa doa zito kuliko lile lililomfanya mtu atafute dawa. Anayetaka huduma hii angeuliza kwanza mpakaji anajuaje pa kuishia, kabla ya kuuliza asidi yake ni kali kiasi gani.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1882 daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alieleza jinsi ya kuambua ngozi kwa asidi ya salisiliki, resosinoli, fenoli na asidi ya traikloroasetiki. Baadaye zikaongezwa asidi zipatikanazo katika vyakula: ya glaikoliki, ambayo imo katika miwa kama ile ya mashamba ya Nzoia, na ya laktiki, ambayo ndiyo huyapa maziwa lala ukali wake. Asili hiyo isimdanganye mtu, kwa maana katika chupa ya kliniki asidi hizo zimekolezwa mara nyingi zaidi. Zikitumiwa kwa wepesi, hulegeza mshikamano wa chembe zilizokufa juu kabisa ya ngozi; uso hutoka magamba madogo kwa siku chache, na tabaka la juu, ambalo kwa kawaida hujifanya upya kwa mwezi mmoja hivi, huharakishwa. Asidi ya traikloroasetiki ya asilimia 35 hupenya tabaka hilo lote na kufika kwenye nyuzi za kolajeni zilizo chini yake, ambako makunyanzi na baadhi ya makovu hunufaika. Fenoli huzama zaidi, na kwa kuwa huingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hutumiwa mgonjwa akiwa ameunganishwa na mashine ya kuyafuatilia.

Kina hicho ndicho huamua hatima ya ngozi nyeusi. Mweusi na mweupe wana takriban idadi ile ile ya chembe zinazotengeneza melanini. Tofauti ni kwamba za mweusi zina bidii zaidi, na vifuko vya rangi vinavyotoka humo ni vikubwa. Zikisumbuliwa na joto, uvimbe au mkwaruzo, humwaga rangi, na ndiyo maana kipele kidogo huacha alama kwa miezi. Asidi iliyozama kupita kiasi ni usumbufu wa aina hiyo hiyo, isipokuwa huu umeenea uso mzima, na kwa mwenye mwelekeo wa keloidi kovu linaweza kuota juu yake. Katika vipimo vya ngozi vilivyoasisiwa na Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975, ambavyo leo vina ngazi sita, wengi wa wakazi wa magharibi mwa Kenya wako ngazi ya tano na ya sita, zile ambazo fenoli huepukwa na asidi za wastani hutumiwa kwa hadhari kubwa.

Je, basi mtu mweusi asiguse kabisa tiba hii? Ushahidi unakataa. Mwaka 1999 daktari wa ngozi Pearl Grimes wa Marekani alichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wa ngazi hizo mbili, waliokuwa na chunusi, madoa yaliyobaki baada ya chunusi, mabaka ya melasma au ngozi ya mafuta yenye vinyweleo vipana. Ngozi zao ziliandaliwa kwanza kwa dawa, kisha zikapakwa asidi ya salisiliki ya asilimia 20 hadi 30, mara tano, kila baada ya wiki mbili. Asilimia 88 walipata nafuu ya wastani au kubwa, na madhara, nayo hafifu, yalionekana kwa asilimia 16. Watu 25 ni wachache, lakini utaratibu uliowafaa ndio madaktari wengi wanaoufuata kwa ngozi nyeusi hadi leo: asidi nyepesi, kwa awamu, na ngozi ikipewa muda wa kutulia kabla ya awamu inayofuata.

Ukiitazama kazi yenyewe kwa karibu utaona thamani ya mkono uliofunzwa. Asidi ya salisiliki ikipakwa, uso huwasha kwa dakika chache kisha hutandwa na ukungu mweupe. Huo ni unga wa asidi uliobaki baada ya kileo kukauka, na kitambaa chenye maji huupangusa. Asidi ya traikloroasetiki nayo huleta weupe, lakini wake ni protini za ngozi zilizoganda kama ute wa yai kwenye kikaango, na hakuna maji wala magadi yatakayouondoa. Ya glaikoliki haingojewi weupe: huhesabiwa dakika kwa saa, kisha huzimwa kwa maji ya magadi au huoshwa. Asiyetofautisha weupe huu na ule anaweza kuongeza mkupuo wa pili mahali palipokwisha kuungua.

Hata asilimia iliyoandikwa kwenye chupa haisemi yote. Asidi ya glaikoliki ya asilimia 30 yenye pH ya 3.8 ina takriban nusu tu ya asidi iliyo huru kufanya kazi. Ikiwa na pH ya 2, karibu yote iko huru. Ndiyo sababu jopo la Marekani linalotathmini usalama wa viungo vya vipodozi lilipendekeza bidhaa za nyumbani zisizidi asilimia 10 na pH yake isishuke chini ya 3.5, na zile za saluni zisizidi asilimia 30 kwa pH isiyopungua 3.0. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasinunue asidi kali za kuambua ngozi na kujipaka bila usimamizi, kwa sababu zinaweza kuwaunguza. Onyo hilo linamhusu pia anayengoja parseli yake Kanduyi.

Kisha kuna jua. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu 1,400, zote mbili hatua chache kutoka mstari wa ikweta. Shirika la Afya Duniani linasema miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo ubaridi wa Kitale hauna maana kwamba jua lake ni pole. Wengi hushikilia kuwa melanini inatosha. Ni kinga kweli, lakini vipimo vya maabara viliikadiria kuwa sawa na losheni yenye SPF ya 13 hivi, chini ya 30 ambayo madaktari huitaka. Aliyeambuliwa ngozi jana akaenda leo kupalilia mahindi au kuendesha bodaboda bila losheni ya kukinga jua na kofia pana amezirudishia chembe za rangi sababu ya kumwaga rangi upya.

Mwenye haraka atajibu kwamba amemwona mtu aliyepakwa asidi kali akang'aa kwa wiki moja. Inawezekana kabisa. Ngozi changa iliyotoka tu chini ya magamba hung'aa, ila madoa ya baada ya jeraha huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na picha ya "baada" hupigwa kabla hayajafika. Mwingine ataona ndimu ni salama kwa kuwa inatoka mtini. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, hayana kipimo, na yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huku ni kujichubua kwa jina jipya. Mtu akiambuliwa ili awe mweupe, hoja hiyo ina haki. Lakini tiba hii ikitumika vizuri hulenga doa lirudi rangi ya ngozi inayolizunguka, hapo iishie. Tena aliyejichubua ndiye wa kukaa mbali nayo kwa muda. Steroidi katika krimu hizo huikondesha ngozi, na asidi hupita kasi kwenye ngozi iliyokonda. Haidrokwinoni, kiungo kingine cha krimu hizo, ikipakwa miaka mingi inaweza kuleta okronosi, weusi wa samawati unaozidi kadiri mtu anavyopaka zaidi, ulioelezwa Afrika Kusini mwaka 1975. Kenya hairuhusu vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, na daktari anayeiagiza haidrokwinoni huiwekea muda mfupi na kumfuatilia mgonjwa.

Hapo mkazi wa Chwele au Endebess atauliza, na ana haki: daktari wa ngozi yuko wapi? Ni wachache, na wengi wako Nairobi. Ila wapo pia maafisa wa kliniki waliosomea ngozi, wengine katika kituo cha mafunzo cha kanda kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992. Anayeanzia hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, anaweza kuelekezwa kwa mmoja wao, au hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Wala si kila doa linahitaji asidi. Kuacha krimu za kujichubua, kutibu chunusi zilizo hai kwa benzoili peroksaidi au retinoidi kwa ushauri wa mfamasia, na kupaka losheni ya kukinga jua kila asubuhi hufifisha madoa mengi katika miezi michache. Mwenye ualbino akiona kidonda kisichopona au gamba gumu asifikirie saluni kamwe. Hiyo ni dalili ya kupeleka hospitali mara moja.

Atakayeamua kuambuliwa baada ya hatua hizo na ajiandae kuulizwa kama ana ujauzito, kama ana keloidi, kama hutokwa na vidonda vya malengelenge mdomoni na kama alimeza dawa ya chunusi ya isotretinoini karibuni. Adai pia jaribio kwenye kipande kidogo nyuma ya sikio kabla ya uso kuguswa. Mtoa huduma asiyemuuliza lolote kati ya hayo amekwisha kuonyesha kwamba anauza asidi tu. Na kama pesa hazitoshi asidi pamoja na losheni ya kukinga jua, anunue losheni kwanza, kwa sababu losheni bila asidi bado inausaidia uso, ilhali asidi bila losheni inaweza kuuharibu.