Bannyahe: Walitaka fedha, wakapewa ghorofa

KIGALI

Mwenyeji wa Kigali ukimtajia Bannyahe, atakujibu kwa tabasamu au kwa kuguna, inategemea alikuwa upande gani wa ugomvi. Jina hilo la Kinyarwanda ni swali la kejeli, maana yake “wanajisaidia wapi?”, na lilitokana na uhaba wa vyoo. Kwenye karatasi za serikali palikuwa na majina mengine: vijiji vya Kangondo na Kibiraro, katika tarafa ya Remera, wilaya ya Gasabo, jirani kabisa na Nyarutarama, mtaa wa majumba ya kifahari na uwanja wa gofu.

Mwaka 2017 wakazi waliarifiwa kwamba wangehama. Mwekezaji binafsi angejenga hapo makazi ya kisasa, nao wangepelekwa Busanza, wilaya ya Kicukiro, kwenye nyumba za ghorofa zilizokuwa zijengwe kwa ajili yao. Familia zaidi ya elfu moja ziliguswa na mpango huo.

Wengi hawakukataa kuhama. Walichokataa ni namna ya malipo. Walitaka mali yao ithaminiwe, walipwe fedha, kila mmoja akatafute mwenyewe pa kuishi. Mamlaka za jiji zilijibu kwamba fedha taslimu zingezaa Bannyahe nyingine: watu wangelipwa, kisha wangekwenda kujenga ovyo kwenye kilima kingine. Zilisema pia kwamba eneo lile lilikuwa hatari kwa maisha, na kwamba nyumba za Busanza ni bora kuliko zile za udongo na mabati walizoziacha.

Hoja ya jiji ina uzito, na aliyewahi kupita kwenye vichochoro vile siku ya mvua hawezi kuipuuza. Lakini ilisahau jambo ambalo mfanyabiashara yeyote analielewa bila kufundishwa. Nyumba katika mtaa kama ule si pa kulala tu. Chumba cha mbele ni duka. Vyumba vya nyuma vina wapangaji, na kodi yao ndiyo inayolipa karo za watoto na kuongeza mtaji. Uani kuna jiko la mama anayeuza chai na mandazi kwa vibarua wanaopanda kwenda kufanya kazi Nyarutarama. Mwenye vyumba sita vya kupangisha, akipewa nyumba moja ghorofani, amepata sakafu nzuri na maji ya bomba, ila amepoteza biashara. Wateja wake hawakuhamia Busanza pamoja naye. Na genge la nyanya halifunguliwi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu.

Ndiyo maana baadhi ya familia zilikubali mapema na kuhama, hasa zile ambazo nyumba mpya iliwapandisha daraja, huku wenye nyumba kubwa na wapangaji wengi wakigoma na kwenda mahakamani.

Huko walishika sheria ya mwaka 2015 kuhusu kutwaa mali kwa manufaa ya umma. Sheria hiyo inasema fidia ya haki hulipwa kwa faranga za Rwanda, au kwa njia nyingine ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Wakazi walisisitiza neno “zimekubaliana”. Wao, walisema, hawakukubali. Waliuliza pia swali ambalo bado linaulizwa kwenye mitaa mingi ya miji yetu: makazi ya mwekezaji wa kuuza na kupangisha yanakuwaje manufaa ya umma?

Kesi zilivutana kwa miaka. Kuanzia Septemba 2022 mitambo iliingia na kubomoa nyumba za waliokuwa bado wamebaki. Leo aliyekuwa jirani wa Nyarutarama anaishi upande mwingine wa jiji.

Kwa nini haya yamhusu msomaji anayepeleka unga Goma au anayeleta vitenge kupitia Gatuna? Kwa sababu faida ya biashara ya mpakani, kwa wengi wetu, huishia kwenye kiwanja. Benki hatuziamini sana, dhahabu inaibiwa. Basi tunanunua kiwanja pembezoni mwa mji, tunajenga vyumba vinne, tunapangisha. Na pembezoni mwa mji ndiko ramani mpya zinakochorwa.

Rwanda ilipima na kuandikisha viwanja zaidi ya milioni 10 katika zoezi lililoanza mwaka 2009, kwa hiyo hati si shida kubwa hapa kama ilivyo kwa majirani. Hati yenyewe haizuii kuhamishwa. Inachokupa ni haki ya kuhesabiwa. Usiporidhika na tathmini, sheria inakuruhusu kuleta mthamini wako kwa gharama yako, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi, wa siku chache tu. Baada ya malipo kuidhinishwa, mwenye mali anapaswa kulipwa ndani ya siku 120, na juu ya thamani iongezwe asilimia 5 ya usumbufu.

Ukivuka kwenda Uganda, Katiba inadai fidia ilipwe kabla ya ardhi kuchukuliwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo katika kesi dhidi ya mamlaka ya barabara. Kenya nayo, Katiba ya 2010 inataka malipo kamili na ya haraka. Ila kwa asiye raia, umiliki wake huko ni wa kupangishwa tu, usiozidi miaka 99.

Tanzania ndiko pa kwenda kwa hadhari zaidi. Asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na ardhi ya kijiji ina taratibu zake: serikali ikitaka kuihamisha, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, likizidi, uamuzi ni wa waziri. Wa Dar es Salaam watakumbuka Mji Mpya wa Kigamboni uliotangazwa mwaka 2008. Wakazi walizuiwa kuendeleza viwanja vyao, wakakaa miaka wakisubiri fidia, hawawezi kujenga wala kuuza kwa bei ya maana. Katika hilo, kusubiri kulimaliza mitaji kuliko ubomoaji wenyewe.

Linabaki kundi ambalo hata kesi ya Kangondo na Kibiraro haikulizungumzia sana: wapangaji. Tathmini humfuata mwenye ardhi na kilichosimama juu yake. Mwenye kioski cha kupanga, mwenye stoo ya magunia, mara nyingi hupata taarifa ya kuondoka tu. Ukipanga duka au ghala nchi jirani, andikishianeni mkataba, uonyeshe kodi uliyolipa mbele, na uwekwe mstari unaosema fedha hiyo itarudishwa vipi eneo likitwaliwa. Kisha, kabla ya kulipa kodi ya mwaka mzima, nenda ofisi ya tarafa au ya kata ukaulize mpango mkuu wa mji unasema nini kuhusu eneo hilo. Mwenye nyumba huenda anajua na amenyamaza.