Kichwa kinachouma ukiwa ndani ya gari tu

Mama mmoja alikuja kliniki na wanawe wawili, wa miaka tisa na minne. Wote watatu walikuwa wakiumwa kichwa asubuhi, na yule mdogo alitapika karibu kila walipofika shuleni. Malaria walikwishapima mara mbili, hakuna kitu. Mkojo safi. Damu inatosha. Nikambana mtoto kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, kikasoma 99. Nakiri nilikuwa karibu kuandika dawa ya maumivu na kuwaruhusu, ndipo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: na mwisho wa wiki je? Mama akafikiri kidogo. "Jumamosi na Jumapili hawaumwi, dokta. Hata mimi."

Jumamosi na Jumapili gari lao halitoki. Siku za kazi wanakaa kwenye foleni saa moja na nusu, vioo vimepandishwa, AC inapuliza.

Msomaji, gesi niliyoishuku inaitwa kaboni monoksaidi. Hutokea petroli inapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa gari unaweza kuunusa kwa sababu ya vitu vingine vilivyomo, lakini usiponusa kitu usijihesabu uko salama. Ikiingia kwenye damu, hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakalia nafasi ambayo oksijeni ingekaa. Kile kifaa cha kidoleni husoma rangi ya damu tu, hakijui nani amekalia nafasi hiyo, kwa hiyo kinaweza kukuonyesha 99 huku mwili unakosa oksijeni. Kipimo chenyewe ni cha damu na si kila hospitali inacho. Tena ukishatoka kwenye hewa safi, nusu ya gesi huondoka kwa takriban saa nne hadi tano, hivyo aliyesubiri daktari tangu asubuhi anaweza kufika mbele yangu akiwa na kidogo tu kilichobaki. Ndiyo maana maelezo yako yana thamani kubwa kuliko maabara: kichwa kinaanza wapi, kinaisha saa ngapi, nani mwingine anaumwa.

Watoto huathirika mapema kwa sababu wanapumua haraka kuliko sisi. Aliye tumboni yuko hatarini zaidi. Mama anaweza kuhisi kichwa kizito tu wakati mwanawe anakosa hewa.

Sasa tuingie chini ya gari, nami nitaomba radhi kwa mafundi nikikosea lugha yao. Injini ya kisasa ya petroli ina kompyuta, ile wanayoiita kontrol boksi. Kwenye bomba la ekzosi kuna sensa inayopima oksijeni iliyobaki katika moshi, na kompyuta hutumia habari hiyo kuamua petroli imwagwe kiasi gani. Hulenga karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Moshi kisha hupita kwenye masega, ambayo yamepakwa madini kama platinamu na paladiamu, na humo sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa hewa ukaa. Sensa ya pili, baada ya masega, huangalia kama kazi imefanyika. Haikufanyika, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Taa hiyo ni kama homa: ni dalili. Fundi anayechomeka mashine chini ya usukani, akafuta kodi na kukurudishia ufunguo, amempa mgonjwa panado. Mfano mzuri ni tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa ya kwanza. Tundu huvuta hewa ya nje, sensa inadhani injini ina hewa nyingi, kompyuta inaongeza petroli, na kaboni monoksaidi inazidi, huku tundu lilelile likivujisha moshi chini ya miguu yenu. Taa ikiwa inapepesa, injini inakosa moto kwenye silinda na petroli mbichi inaenda kuunguza masega. Punguza mwendo na ulipeleke gari gereji siku hiyohiyo.

Halafu kuna habari ya kutoa masega. Utaambiwa yanakula mafuta, yanabana injini. Yakiziba kweli yanabana, lakini mara nyingi yameuawa na injini inayokula oili au yenye plagi mbovu, na ugonjwa huo hubaki palepale baada ya kuyatoa. (Uliza pia masega yako yamekwenda wapi. Madini yale yana bei.)

Gari la yule mama lilikuwa na yote. Masega yalitolewa na mwenye gari wa kwanza, taa ya injini imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi, kiungo cha bomba chini ya kiti cha nyuma kimeachia, na raba ya mlango wa buti imekatika. Gari linapotembea hewa ya nyuma huvutwa ndani, kwa hiyo buti lililofungwa kwa kamba kwa sababu ya mzigo ni hatari vilevile.

Kichwa kikianza kuuma garini, usingizi usio wa kawaida ukija au watoto wakichafukwa pamoja, simama na mshuke wote. Mwenye mimba, mtoto mdogo, aliyezimia au anayeongea ovyo aende hospitali mara moja, na useme mlangoni kwamba mlikuwa ndani ya gari, ili apewe oksijeni kwa barakoa. Wala usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa asubuhi, hata likiwa zima: masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto.

Mama alinipigia baada ya wiki mbili. Bomba limechomelewa, raba mpya imewekwa, mdogo hatapiki tena. Taa ya injini bado inawaka, hela ya masega hajapata. Ila ule utepe ameubandua.