Kwa Maonyesho ya Ndege, Kabambe ya Shosho Inashinda iPhone: Rada ya Sauti za Kwa Masikio

Cheki hii. Uko Uhuru Gardens, watu ni mob, na ndege ya jeshi inapita juu ya vichwa ikielekea upande wa Wilson. Mtangazaji yuko kwa spika anaeleza ni ndege gani na rubani anajaribu kufanya nini. Lakini wewe umesimama kule nyuma karibu na wauza soda, so kenye unaskia ni "kushoto-shoto... sasa-sasa..." Ukigeuza shingo kushoto, ndege ishapotelea kulia. Umelipa fare, umepiga laini kwa geti, na unarudi home na video ya mawingu.

Usilaumu mtangazaji. Laumu hewa. Sauti hutembea karibu mita 340 kwa sekunde, na hiyo ni polepole kuliko vile watu hudhani. Spika ikiwa mita 340 kutoka kwako, neno linakufikia sekunde moja late. Sasa panga spika kadhaa kwa laini ndefu ya watazamaji. Ya karibu inakuambia kitu, ya mbali inarudia kitu hicho hicho nusu sekunde baadaye, na ubongo wako unasaga zote mbili pamoja kama avocado kwa blenda. Ndege yenyewe pia inakucheza. Ikiwa kilomita moja mbali, ngurumo yake inachukua karibu sekunde tatu kukufikia, so ukiitafuta kwa kufuata sauti, unaangalia mahali ilikuwa.

Ndio maana kuna maonyesho ya ndege huko majuu yenye maelezo ya mtangazaji hurushwa pia kwa redio. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, so msee wa mbele na msee wa laini ya choo wanaskia neno moja wakati mmoja, moja kwa moja kwa sikio. Akisema "angalia kulia, chini ya lile wingu," unaangalia na unaipata.

Najua kuna mtu hapo tayari anasema, "Si waweke tu laivu kwa YouTube tustrimu?" Piga hesabu kwanza. Strimu ya intaneti inaweza kuchelewa sekunde kumi au zaidi bila mtu kushtuka. Ndege ikienda kilomita 800 kwa saa, inakata mita 222 hivi kila sekunde. Mtangazaji akisema "sasa!", wewe utaiskia wakati ndege ishasonga zaidi ya kilomita mbili. Hapo sijaongelea vile network hulala watu maelfu wakiwa uwanja mmoja, wote wanapost.

FM haina hiyo stress. Wasikilizaji wawe kumi ama elfu kumi, transmita inafanya kazi ile ile, na bundles zako zinabaki zilivyo. Na mashine ya kuskiza pengine iko kwenu home. Kabambe nyingi za shosho huwa na FM ndani. Ukichomeka eafoni za waya, ule waya unageuka kuwa eriali. Ndio maana simu nyingi hukataa kufungua redio mpaka uchomeke. iPhone nayo, hata uinunue na bei ya ploti, haikupei redio ya FM ya kufungua. Na zile eafoni za Bluetooth hazina waya wa kushika mawimbi, so kwa hii kazi wacha zikae kwa kikasha chao.

Vaa sikio moja tu, hilo lingine liachie ngurumo, juu ngurumo ndio imekuleta. Ukiwa na mtoto, mfunike masikio vizuri. Injini ya jeti ikiwa karibu inaumiza masikio ya kweli.

Na kama wewe ndio unapanga event, masafa huombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Bendi ya ndege inaanza palepale FM inaishia, 108 MHz. Ukiamka na transmita ya kujitengenezea karibu na Wilson, marubani wakiwa wanaongea na mnara, utajieleza kwa watu hawana jokes.

Sasa tutoke kwa ndege tuingie makumbusho. Huku vitu havikimbii. Yule Turkana Boy wa Museum Hill amekaa karibu miaka milioni 1.5, hawezi kukuponyoka ukikawia dakika mbili. So maelezo yanaweza kurekodiwa mapema na uyaskize kwa speed yako.

Wa kwanza kujaribu hii kitu walikuwa Stedelijk Museum, Amsterdam, mwaka wa 1952. Walizungusha waya kwa vyumba, wakaunganisha na mashine ya kanda, wageni wakapewa redio ndogo na headphones. Shida ilikuwa moja: kanda ilikuwa moja kwa watu wote. Ikisema picha ya tatu, nyote mnaangalia picha ya tatu, ata kama wewe bado ya pili inakusumbua roho. Kuna picha za hizo siku, wazungu wamevaa masuti, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja kama abiria wa mat wakicheki ajali.

Baadaye zikakuja mashine za kanda za kubeba, kila mtu na yake, halafu zile za dijitali unabonyeza namba iliyo kando ya kitu na unaskia story yake. Hapo ndio mgeni akapata uhuru. Sai ni QR kodi na simu yako. Louvre, Paris, kuanzia 2012 walikuwa wanakodisha Nintendo 3DS kama mwongozo, ile ya kuchezea gemu. Kwangu naona hapo walipotea kidogo. Faida yote ya sauti ni kuacha macho yakiwa huru, halafu unampa mtu skrini mbili za kuangalia?

Lakini mashine ni nusu ya story, na nusu rahisi. Kenye hufanya watu watoe eafoni kabla ya dakika tano ni sauti ya msee anasoma bango. Bango tayari liko ukutani, mazee. Marekani, kampuni ya Acoustiguide ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba ya Rais Roosevelt kule Hyde Park ilielezwa na Eleanor Roosevelt, mjane wake. Yeye aliishi hapo. Akikuambia kuhusu kiti, anaongea kuhusu kiti amekiona na mwenyewe amekalia.

Alcatraz walienda mbele zaidi. Jela hiyo ya San Francisco ilifungwa 1963, na ziara ya sauti ikaanza 1987. Wale wanaongea kwa masikio yako ni wafungwa na maaskari waliokuwa hapo kitambo, na nyuma yao unaskia milango ya chuma ikijifunga. Umesimama kwa korido tupu lakini imejaa watu. Cheki hiyo tofauti ya miaka, 1963 na 1987. Waliwapata hao wazee wakiwa bado hai.

Sisi je? Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walishikwa Oktoba 1952, mwaka ule ule Amsterdam walikuwa wanajaribu eafoni. Seli zao ziko Kapenguria, sai ni makumbusho, unaingia na kusimama ndani. Wa mwisho kati ya hao sita, Oneko, alifariki Juni 2007. Mwezi huo huo iPhone ya kwanza ndio iliingia madukani. Kamoya Kimeu, mwanaume aliyeona kipande cha kwanza cha Turkana Boy kule Nariokotome mwaka wa 1984, alifariki 2022. Fikiria kusimama mbele ya ile mifupa, taa zimepunguzwa, na Kimeu mwenyewe anakuambia jua lilikuwa kali aje hiyo siku.

Bado kuna wazee na mashosho ambao walikuwa Mau Mau, ama walilazwa kwa kambi za kizuizini, na ukihesabu kutoka 1952 unajua wenyewe wako miaka mingapi. Rinda ya hii kazi ni ndogo kuliko unavyodhani. Simu yoyote ya kisasa inarekodi sauti safi ya kutosha. Mkalishe mzee chumba chenye mapazia na viti vya vitambaa, zima TV, weka simu karibu na mdomo wake, si kwa meza ya kule. Mwache aongee lugha yake ya nyumbani, tafsiri itakuja. Muulize kitu kimoja chenye unaweza kushika: hii bakuli, huu mlango, hii njia. Muombe ruhusa ya kutumia sauti yake, na kama kuna chapaa itapatikana, mgao wake usisahaulike.

Ukikata, usizidishe dakika mbili kwa kila kituo. Anza kwa kumwambia msikilizaji asimame wapi na aangalie nini, ndio story ifuate. Faili ipe namba, 1, 2, 3, na iwe ndogo ya kutumwa kwa Bluetooth, juu kuna makumbusho hazina network kabisa. Fanya version ya msee haoni, yenye inaeleza umbo na ukubwa wa kitu kabla ya historia. Halafu ongea na wale waelekezaji wa hapo kabla upeleke kwa mkubwa wao. Hao ndio hujua wageni huuliza nini kila siku, na rekodi yako haiwezi kujibu swali.

Kapenguria, kutoka Kitale, ni mat moja tu.