Shule Zikifungwa, Damu Huadimika

Mama wa Mashimoni, Kibera, Nairobi, akianza kuvuja damu usiku baada ya kujifungua, kwanza hubebwa kupitia vichochoro visivyopitisha gari, ndipo apelekwe hospitali ya Mbagathi au Kenyatta. Huko daktari hana muda wa kutafuta mchangiaji. Hufungua friji. Damu ya ndugu aliyekimbia kuja naye haiwezi kutiwa mshipani kabla ya kupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende, kisha kulinganishwa na ya mgonjwa. Uvujaji huo nao unaweza kuua kwa saa chache tu.

Friji hiyo hujazwa na nani? Kwa miaka mingi Kenya imewategemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo. Nawashukuru vijana hao kwa dhati, ila sisi watu wazima tumewaachia mzigo ambao kalenda yao haiuwezi. Damu nzima kwenye baridi hukaa siku 35 tu. Chembe za kugandisha damu, siku 5. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu kuliko siku hizo 35. Painti iliyotolewa siku ya kufunga shule huharibika kabla kengele ya Januari haijalia, na katikati kuna Desemba yenye ajali za barabarani, na watoto wanaorudi kutoka mashambani kando ya Ziwa Victoria wakiwa na malaria, ugonjwa unaoweza kummaliza mtoto damu. Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, pengo hilo lilionekana nchi nzima.

Si kwamba Wakenya ni wachoyo. Bomu la ubalozi wa Marekani, Nairobi, la Agosti 7, 1998 lilipoua zaidi ya watu 200, na tena jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa mwaka 2013, watu walipanga foleni ndefu kutoa damu. Lakini mama mmoja wa Mashimoni, au mtoto mmoja mwenye selimundu, hatangazwi redioni. Hakuna foleni inayopangwa kwa ajili yake.

Wanaoogopa kuishiwa nguvu nawaambia hivi: huchukuliwa mililita 450 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya damu ya mtu mzima. Majimaji hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Na hata usipotoa, chembe hizo huzeeka na kufa mwilini baada ya siku 120 hivi.

Kama una afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi, kituo cha damu cha Nairobi kiko jirani na Hospitali ya Kenyatta, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Nenda Novemba, wanafunzi wakiwa nyumbani. Mwanamume, rudi Februari; mwanamke, rudi Machi.