Bunduki Isiyofyatuka

Swali moja la tafsiri linastahili kujadiliwa. Nchini Marekani, bendi za gwaride huandamana na vikosi vya bendera, ambavyo wachezaji wake huzungusha na kurusha hewani kipande cha mbao chenye umbo la bunduki. Hakina tundu la risasi. Upanga wao nao ni butu. Je, tukiiteje?

Jina lina historia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), vyama vya askari wastaafu viliunda bendi za ngoma na tarumbeta, na walinzi wenye silaha walitembea kando ya bendera ya taifa. Mwaka 1977 iliundwa Winter Guard International kusimamia mashindano ya ukumbini. Ulinzi umegeuka dansi; neno limebaki.

Mgeuko huo si mgeni kwetu. Katika kirumbizi cha Lamu, fimbo hugonganishwa kwa kufuata ngoma na zumari, pasipo nia ya kuumizana, na bado huitwa fimbo.

Kwa hiyo napendekeza “bunduki ya mbao”: nomino ihifadhi asili, kivumishi kibainishe matumizi. “Kifaa” hufuta kumbukumbu; “silaha” humpotosha msomaji.