Imenyesha Siku Ngapi?

Machi inapofika, waokoaji wa milima ya Alps huanza kulihofia jua. Theluji iliyolundikana tangu Desemba huyeyuka mchana, maji yakazama hadi tabaka la chini, na mteremko uliotulia miezi mitatu ukakatika mara moja. Sisi tunaoishi chini ya Masaba, yaani Mlima Elgon, Uganda, hatuna theluji ya aina hiyo, lakini Machi tunaiogopa vilevile. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulishuka Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika nyumba na kituo cha afya, pamoja na watu waliokuwa wamejikinga mvua humo. Wengi hawajapatikana hadi leo. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi, na Novemba 2024 ikawa Masugu, Bulambuli.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana. Majivu na mawe yake yameoza yakawa udongo mzito, ndio unaotulishia kahawa na matoke. Udongo huu una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi ukikauka hupasuka. Kiangazi cha Desemba hadi Februari huacha nyufa, na mvua za kwanza hupitia humo moja kwa moja hadi kwenye tabaka gumu lisilopitisha maji. Hapo maji hukwama.

Kinachoshikilia udongo mteremkoni ni chembe kusuguana na chembe. Maji yakijaa kati yake huzisukuma zisishikane, na wakati huohuo shamba zima limeongezeka uzito. Likifika hali hiyo, manyunyu ya jioni tu yanatosha kuliangusha. Ndiyo sababu mwisho wa msimu, Oktoba na Novemba, ni hatari kama mwanzo wake: ardhi imekunywa kwa majuma mengi. Watu huogopa radi na mvua kubwa ya usiku mmoja. Mimi naogopa zaidi siku ya tano ya mvua ya kawaida.

Nasi tunausaidia mlima kuanguka. Mtu akitaka uwanja wa kujenga hukata mteremko nyuma ya nyumba, na hapo huwa ameondoa mguu uliobeba udongo wote wa juu. Hata mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ambayo tunaisifu kwa haki mahali penye mwinuko mdogo, ikichimbwa kwenye mteremko mkali bila njia ya kutolea maji huyatuamisha maji na kuyazamisha palepale tusipoyataka.

Mlima hutoa dalili. Ufa mpya wenye umbo la mwezi mwandamo juu ya shamba. Mlango uliokuwa ukifungwa vizuri sasa unakwama. Migomba na nguzo zimeinama upande mmoja, chemchemi imetokea pasipokuwa na maji, au maji ya kisima yamebadilika rangi. Ufa ukionekana mvua ikiwa bado haijaisha, familia isilale hapo usiku huo. Wakiusikia mngurumo, wakimbilie ubavuni mwa mteremko, kwenye mgongo wa kilima. Anayekimbia kufuata bonde anakimbia njia ileile ya tope. Mvua ikikatika wasirudi siku hiyohiyo, kwa sababu maji yaliyozama bado yanashuka ndani kwa ndani.

Dalili moja inatuhusu sana sisi wa mjini Mbale. Mto ukipungua ghafla ilhali mvua ingali inanyesha, huenda tope limeuziba huko juu, na kizuizi hicho kikipasuka hushusha maji, mawe na magogo kwa pamoja. Mito ya Namatala na Nabuyonga inatoka kwenye miteremko hiyohiyo ya Masaba. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ilifurika Mbale, watu zaidi ya 20 wakafa. Maji yale yaliletwa na mvua kubwa, hayakuhitaji hata kizuizi. Wanaokaa ukingoni hapa Industrial Division hawawezi kuiona mvua ya juu. Mara nyingi mbingu yao ni kavu mto unapowafikia.

Kwa hiyo siku za mvua nawapigia simu jamaa zangu walioko mteremkoni. Baada ya salamu nauliza imenyesha siku ngapi, na mto una rangi gani. Wakiniambia mto umepungua, nawaomba watoke, kisha navaa viatu nikawagongee milango majirani wa ng'ambo ya daraja.